Jinsi ya kuwaunganisha watu wa ambulensi na watu wa afya ya jamii kabla ugonjwa kama Ebola haujafika wilayani kwenu

Niseme mapema mimi siyo daktari. Nimeendesha ambulensi huku upande wa Kasese, magharibi mwa Uganda, miaka mingi, ile barabara ya Bwera mpaka Mpondwe naijua usiku na mchana, na Kiswahili ndo lugha ya kazi pale mpakani manake mgonjwa akivuka kutoka Kongo huwezi kuanza kumuuliza kwa Luganda. Vijana wa wilaya zingine wananipigia simu, mzee nyinyi huko mnafanyaje, maana huku kwetu watu wa afya ya jamii wana mikutano yao na sisi wa gari tunaitwa tu gari likihitajika. Sasa nimechoka kurudia, naandika mara moja.

Shida yenyewe ni moja tu. Dereva wa ambulensi ndo mtu wa mwisho kujua na ndo mtu wa kwanza kugusa. Kuna usiku nilitumwa kuchukua mgonjwa, nikaambiwa ni malaria mbaya, nikaenda na shati langu na glavu moja ya kupasuka, jamaa anatapika mpaka kwenye kiti. Siku mbili baadaye niko kwenye kibanda cha chai nasikia vijana wa ufuatiliaji wa magonjwa wakiongea, kumbe hicho kijiji walikuwa wamepata taarifa ya vifo vya ajabu tangu siku nne nyuma, wana daftari, wana majina, wanasubiri usafiri. Ofisi yao na pale tunapopaki gari ni hatua kama mia mbili! Vipimo vikarudi haikuwa Ebola, Mungu mkubwa, lakini mimi nilikuwa nimeshalala nyumbani na watoto siku mbili.

Kwa hiyo yote nitakayosema chini ni njia za kufuta hizo hatua mia mbili.

Kabla sijaanza, kwa wale wanaosema ati hayo mambo ni ya Kasese tu. Gulu mwaka 2000 watu 425 waliugua Ebola na 224 wakafa, na Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor akafa naye akihudumia. Mubende mwaka 2022 yule mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa amezunguka kliniki za huko kijijini kabla hajafika hospitali ya rufaa, amekufa leo kesho yake tarehe 20 Septemba ndo serikali inatangaza. Mpaka inaisha Januari 2023 waliothibitishwa walifika 142, 55 wakafa, na wahudumu wa afya walioambukizwa ni 19, saba hawakurudi nyumbani. Januari 2025 ikatokea Kampala kwenyewe, nesi wa hospitali ya Mulago, naye alikuwa ametafuta matibabu Wakiso, akaenda mpaka Mbale, akarudi Mulago. Ukiangalia vizuri hizo stori zote ni stori za safari. Mgonjwa anahama, na kila anapohama kuna mtu amembeba, awe boda, awe taksi, awe mimi.

Na upande wa pili wa shilingi, Juni 2019 hapa kwetu familia ilivuka kutoka Kongo na mtoto wa miaka mitano anaumwa, wakaingia hospitali ya Kagando, wahudumu pale wakashuku mapema, mtoto akahamishiwa Bwera kwenye kituo kilichokuwa tayari. Familia ile ilipata msiba mkubwa, mtoto, mdogo wake na bibi yao wote walifariki. Lakini haikusambaa hapa Uganda. Haikuwa bahati. Wahudumu karibu 4,700 walikuwa wameshachanjwa kabla ata mgonjwa mmoja hajaonekana upande wetu, na watu walikuwa wanajua nani anampigia nani.

Anza na majina siyo mashine

Wilaya nyingi zikipata pesa kidogo zinakimbilia kununua vitu. Mimi nasema anza na karatasi moja. Chukua karatasi andika majina na namba za simu za watu hawa: mganga mkuu wa wilaya yaani DHO, afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa, msimamizi wa ambulensi, madereva wote (wote, siyo dereva mkuu peke yake), nesi wa zamu wa kila kituo cha ngazi ya tatu na ya nne, mtu wa maabara, yule kijana wa pikipiki anayebeba sampuli za habu (kituo cha kukusanyia sampuli), mkuu wa timu ya mazishi, RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, kwa sababu ndo anakaa kiti cha taskfosi (kamati ya kupambana na mlipuko), na VHT (wahudumu wa kujitolea wa afya kijijini) wawili watatu wa kila gombolola, yaani kata, wanaopokea simu usiku. Weka pia ile namba ya bure ya wizara 0800-100-066, na ujue kwamba ujumbe wa simu ukianza na neno ALERT kwenda 6767 haulipiwi na unaingia moja kwa moja kwenye mfumo, wilaya inauona.

Karatasi hiyo usiiache kwenye faili la ofisi. Bandika ndani ya gari upande wa dereva, bandika maabara, bandika kwa askari wa geti la hospitali maana usiku yeye ndo anapokea watu. Na tafadhali iandikwe kwa penseli, nitaeleza mwishoni kwa nini.

Halafu kitu ambacho kinaonekana kidogo ila ndo kikubwa: hawa watu wakutane uso kwa uso. Sisi tulianza kwa kumwomba afisa wa ufuatiliaji aje pale chini ya mwembe tunapopaki, Jumatatu asubuhi dakika ishirini tu, wakati yeye anakusanya ile ripoti ya wiki ya 033b kutoka vituoni. Yeye anasema wiki hii kuna homa isiyoeleweka gombolola fulani, kipindupindu kiko wapi, ng'ambo wanasemaje. Sisi tunasema wiki hii tumebeba wagonjwa watatu kutoka kijiji kimoja wote wanahara, au tumebeba mtu ametoka soko la ng'ombe na vidonda. Nakuambia mara nyingine daftari la safari za ambulensi linajua mapema kuliko ripoti ya kituo, kwa sababu kituo kinahesabu ugonjwa uliopewa jina, sisi tunahesabu nyumba tulizoenda. Tunabeba watatu kutoka mlima mmoja tunajua kuna kitu, ata kama kila mmoja ameandikiwa malaria.

Simu ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanakufa.

Simu ikiingia ya kuomba gari, anayepokea asiseme tu sawa tunakuja. Awe na maswali yameandikwa, aulize kwa utulivu, na ayaulize yote ata kama mtu analia kwenye simu. Ana homa tangu lini? Anatapika, anahara, anatoka damu mahali? Ndani ya siku ishirini na moja zilizopita amezika mtu, ameosha maiti, amehudumia mgonjwa aliyekufa? Ametoka wapi, amevuka mpaka, amekula au kugusa mnyama aliyekutwa amekufa porini? Kuna mwingine anaumwa hapo nyumbani? Na la mwisho ambalo wengi wanasahau, anaweza kutembea mwenyewe? Hilo la kutembea ni la maana sana kwetu. Mgonjwa anayepanda gari kwa miguu yake ni mikono minne isiyomgusa.

Siku ishirini na moja siyo namba ya kubuni, ndo muda mrefu kabisa ambao Ebola inaweza kukaa mwilini kabla dalili hazijatoka, mfupi ni siku mbili. Na mtu hana uwezo wa kuambukiza kabla hajaanza kuugua, kwa hiyo usiruhusu watu wamkimbie mtu mzima kabisa kwa sababu tu binamu yake anaumwa, huyo anahitaji kufuatiliwa asihitaji kukimbiwa.

Majibu yakileta wasiwasi, anayepokea simu anapiga simu mbili kabla gari halijawashwa. Ya kwanza kwa afisa wa ufuatiliaji, ya pili kwa kituo kitakachopokea. Siyo baada ya gari kuondoka. Nimewahi kufika kwenye geti na mgonjwa anatetemeka nyuma, tukakaa nje saa nzima na nusu kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia, ufunguo wa chumba cha kutenga uko kwa mtu aliyeenda harusini. Sitataja ni wapi, yalipita. Ila mama yule aliyekuwa na mgonjwa alinitazama jicho ambalo sijalisahau.

Na afisa wa ufuatiliaji akipata simu asikae kusubiri. Kuna kipimo kinaitwa saba moja saba, yaani ugonjwa ugundulike ndani ya siku saba tangu uanze, taarifa ifike juu ndani ya siku moja, na hatua za mwanzo za kuudhibiti ziwe zimekamilika ndani ya siku saba zinazofuata. Uganda inautumia. Katika hiyo siku moja ya katikati kuna safari ya gari na safari ya sampuli, zote mbili zinategemea madereva na mafuta, sasa niambie utatimizaje saba moja saba bila kuongea na dereva.

Kutayarisha gari

Toa kila kitu kisichohitajika nyuma. Mablanketi, maboksi, viti vya ziada, ule mkungu wa matoke uliopewa njiani (tunajuana). Kinachobaki kiwe ni kitu unachoweza kufuta kwa maji ya dawa, yaani ya klorini. Machela funika na nailoni. Weka ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya matapishi, ndani yake kuna maji ya klorini kidogo. Weka mfuko mgumu wa taka, siyo kavera (mfuko wa plastiki mwembamba), kavera inapasuka. Weka seti mbili za ziada za mavazi ya kujikinga manake lazima moja ichanike. Jerikeni mbili za maji ya dawa zimeandikwa kwa maka kubwa, moja kali moja ya mikono.

Kama gari lina ukuta kati ya dereva na nyuma, kidirisha kinafungwa na dereva ambaye hamgusi mgonjwa havai lile vazi zima. Wakubwa wengine wanalazimisha dereva avae mpaka miwani, sasa miwani inapata mvuke, barabara yenyewe ya mlimani na lori za mzigo, hiyo ni ajali mnaitafuta. Kama hakuna ukuta hapo ndo dereva naye avae, na madirisha yote yafunguliwe. Na dereva akilazimika kusaidia kubeba, lazima avue vyote na anawe kabla hajarudi kwenye usukani, asiendeshe na glavu zilizomgusa mgonjwa, usukani huo kesho ni wa mwenzako.

Watu wawili wa nyuma, siyo mmoja. Mmoja anahudumia mwingine anamtazama. Kuvaa na kuvua ni wawili wawili, mmoja anasoma hatua kwa sauti mwingine anafanya. Wengi wanaambukizwa wakati wa kuvua, kazi imeisha, umechoka, jasho linakuingia machoni unataka kujifuta uso, hapo hapo.

Kufika nyumbani kwa mtu

Hii watu wa afya ya jamii wanaijua kuliko sisi na lazima watufundishe. Zamani tulikuwa tunafika tumevaa kama watu wa mwezini, king'ora kinalia, watoto wanakimbia, wazee wanachukua mapanga. Halafu tunashangaa kwa nini mgonjwa amefichwa shambani.

Utaratibu ni huu. VHT au mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anatangulia, anaongea na mkuu wa nyumba. Gari linasimama mbali kidogo, king'ora kimezimwa tangu barabarani. Mnashuka mkiwa na nguo zenu za kawaida, mnasalimia kwa heshima kutoka mbali kidogo, mnasema majina yenu, shikamoo baba, mimi ni fulani, huyu ni musawo (mhudumu wa afya) fulani, tumekuja kwa ajili ya mama, tunampeleka kituo fulani. Halafu mnavaa mbele yao, wakiona sura zenu kabla hazijafunikwa. Hilo peke yake limepunguza mawe niliyorushiwa maishani. Halafu mnamwachia mtu mmoja wa familia namba ya simu ya kituo, siyo namba ya jumla, namba ya mtu atakayepokea na kusema mama amekula, mama amelala. Familia ikikosa habari siku mbili, uvumi unaingia ati wanachukua viungo, ati wanawachoma sindano, na nyumba inayofuata haitafunguliwa mlango.

Wakati sisi tunapakia, afisa wa ufuatiliaji au msaidizi wake anabaki pale kuandika majina ya waliomgusa. Asipande gari letu. Nimeona wilaya inayotumia gari moja kumpeleka afisa na kumrudisha na mgonjwa, bana, huko ni kutengeneza orodha ya waliomgusa huku ukijiongeza mwenyewe.

Na boda aliyemleta mgonjwa kliniki jana? Andika. Boda wanasahaulika kila mara. Sisi tumeongea na stegi (vituo) za boda gombolola kwa gombolola, mwenyekiti wa stegi ana namba ya afisa wa ufuatiliaji, akibeba mgonjwa anayetapika damu anapiga. Wengine walianza kwa kuogopa kwamba watapelekwa karantini na pikipiki yao ikamatwe, kwa hiyo mkubaliane mapema nani atamlisha boda akiambiwa akae nyumbani wiki tatu, la sivyo hatapiga simu na mimi simlaumu.

Jik na maji

Jik ni ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Naandika hii kwa sababu kila mtu ana kipimo chake cha kubahatisha. Maji makali ya kusafishia gari, damu na matapishi ni asilimia 0.5. Maji ya mikono ni asilimia 0.05. Jik ya chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, chukua kikombe kimoja cha Jik na vikombe sita vya maji unapata ile kali. Ukitaka ya mikono, chukua kikombe kimoja cha hiyo kali ongeza vikombe tisa vya maji. Soma chupa kwanza, kama imeandikwa asilimia nyingine unagawa namba ya chupa kwa namba unayotaka halafu unatoa moja, hiyo ndo idadi ya vikombe vya maji. Changanya upya kila siku, ya jana mwaga. Usichanganye Jik na dawa zingine za kusafishia, inatoa hewa inayochoma kifua.

Gari likishamshusha mgonjwa linasafishwa palepale kwenye kituo kilichopokea, halirudi kwenye maegesho likiwa chafu. Wanaosafisha wamevaa kamili. Kwanza matapishi na damu vifunikwe na kitambaa, umwagie ile kali, subiri robo saa, okota tupa kwenye taka ya kuchoma. Halafu sugua kwa sabuni na maji, manake klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Halafu futa tena kwa ile kali, juu kwenda chini, pasafi kwenda pachafu, acha dakika kumi, halafu suuza kwa maji ya kawaida maana klorini inakula chuma na wilaya haitakununulia machela mpya. Futa, usipulize kama unapuliza kahawa, ule mvuke unarusha uchafu. Na binadamu hapulizwi klorini, ata kama bosi anasema, inaumiza macho na haisaidii.

Ukimaliza mpigie afisa wa ufuatiliaji umwambie gari liko safi saa ngapi na nani alikuwa ndani. Majina ya timu yanaingia kwenye orodha ya kupimwa joto siku ishirini na moja kama kuna mtu glavu ilichanika au aligusa bila kinga. Msione aibu kusema. Kijana mmoja wetu alificha kwamba barakoa ilimdondoka kwa kuogopa kukosa alawansi ya wiki ile. Tangu hapo tulikubaliana mtu akiwa kwenye ufuatiliaji alawansi yake inaendelea.

Wagonjwa wa kawaida hawaendi likizo

Hili lina uchungu. Machi 2020 wakati wa korona usafiri wa umma ulisimamishwa, baadaye ata magari binafsi, mgonjwa akihitaji kwenda hospitali lazima RDC aruhusu. Akina mama wajawazito waliteseka barabarani, wengine walitembea usiku na uchungu wa kuzaa, mpaka baadaye rais akasema wajawazito wasihitaji ruhusa. Oktoba 2022 Mubende na Kassanda zikafungwa, swali lilelile.

Kwa hiyo kwenye mpango wenu andikeni kabisa gari lipi ni la washukiwa na gari lipi haliguswi na mlipuko, ni la akina mama, ajali, watoto wenye upungufu wa damu. Mkiwa na gari moja tu wilaya nzima, basi kubalianeni na wilaya jirani au na hospitali za misheni kabla, na kwa barua siyo kwa mdomo. Sehemu za visiwa kama Kalangala na Buvuma ni boti, boti ni ngumu zaidi kutenga, haina ukuta wala mlango, sasa huko mkae na wavuvi wenyewe mpange.

Na muwafundishe wapokea simu: mjamzito anayetoka damu ni mjamzito anayetoka damu. Ulizeni yale maswali, vaeni kinga, mpelekeni. Asiachwe kwa sababu neno damu limetajwa. Mlipuko wowote ukiwafanya mkatae wajawazito mtakuwa mmeua zaidi ya ugonjwa wenyewe.

Pesa, kwa kifupi

Mafuta yaamuliwe kabla. Nani anasaini, lita ngapi zinakaa akiba bila kuguswa, nani ana ufunguo wa akiba hiyo Jumapili. Familia ya mshukiwa isiombwe pesa ya mafuta, kamwe, ukiomba elfu hamsini kesho watampakia kwenye boda. Alawansi pia iamuliwe, na usiseme posho kwa Mganda, atakuletea unga.

Kufanya mazoezi

Mara moja kila miezi mitatu, bila kutangaza. Mnampanga mtu mmoja ajifanye mgonjwa kijiji cha mbali, VHT anapiga simu kama kweli, mnapima kwa saa. Mara ya kwanza sisi kutoka simu mpaka gari kuwaka ilikuwa saa tatu kasoro. Saa tatu! Betri ya gari ilikuwa imeazimwa kwa gari lingine, mavazi yalikuwa stoo na mwenye stoo yuko mjini, na namba ya afisa wa ufuatiliaji iliyobandikwa ilikuwa ya mtu aliyehamishwa wilaya mwaka uliopita, simu ikapokelewa na mtu wa Soroti akitushangaa. Mara ya tatu tulifika dakika arobaini. Sijui kama ni nzuri ila ni yetu.

Zoezi likiisha kaeni palepale mnywe chai muongee nini kilikwama, watu wa ofisi na watu wa gari meza moja. Dereva aongee kwanza. Akiongea mganga mkuu kwanza dereva atasema tu kila kitu kilikuwa sawa, nyinyi mnajua.

Kuna moja hatukuliweka kwenye zoezi mpaka likatukuta, mgonjwa akifia njiani. Usigeuze gari kurudisha mwili nyumbani ata familia ikilia vipi, na usiushushe. Simama mahali salama, pigia kituo na timu ya mazishi, endelea mpaka kituoni, mwili wa aliyekufa kwa Ebola ndo unaambukiza kuliko wakati wowote. Mtu wa afya ya jamii ndo anaenda kuongea na familia, uso kwa uso, siyo kwa simu, na kuwaeleza kwamba watazika ndugu yao, sheikh au mchungaji atakuwepo, wataona kaburi, ila hawataosha. Dereva usiachiwe kazi hiyo. Mimi niliachiwa mara moja.

Na ile penseli. Maafisa wanahamishwa, madereva wanastaafu, namba zinabadilika kila watu wakipoteza simu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mtu mmoja anapiga namba zote kwenye karatasi, moja moja, isiyopokelewa anafuta anaandika mpya. Kwetu anafanya askari wa geti, tunampa eatimu (salio la simu) ya elfu mbili.